Mla Inzi wa Kileleni

Kwa ncha ya mwiba, Namkunda alichomoa kipande cha tatu cha nyama kwenye majani ya ule mmea mdogo, akasonya.

“Mama, nimesema mpaka nimechoka! Huu unanasa vijiinzi, basi. Nyama itauozesha!”

“Nyumbani kwangu halali mtu na njaa,” mama mkwe akajibu, akiendelea kumenya ndizi.

“Mtu? Hili ni jani!”

“Mwanangu aliuleta kutoka kileleni mwa mlima kwa mkono wake. Akapanda tena, hakushuka. Sasa nimpakulie nani?”

Namkunda aliuinamia mmea tena. Kwenye jani moja ulibaki uzi mwembamba wa nyama. Aliinua mwiba auchokoe, akasita. Vinywele vyekundu vya jani hilo, vyenye matone kama umande, vilikuwa vimeanza kuukumbatia polepole.