Mtoto Ameshika Sikio

Mtoto alikuwa amelishika sikio la Bonge, na mama yake, mshonaji, akaganda mlangoni, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni.

Bonge alikuwa mbwa aina ya pitibuli, jike la kifua kipana na kichwa kama tofali. Walimlea tangu alipokuwa akienea ndani ya kiatu. Lakini mama mkwe, tangu ahamie kwao, hakutaka hata kumwona. "Ama abaki yeye, ama nibaki mimi," alisema. Kesho yake mtu wa shambani angekuja kumchukua.

Mchana ule nyumba nzima ilikuwa kama imesinzia. Pazia lilipumua dirishani, mwanga ukatambaa sakafuni bila haraka. Mtoto akajivuta kwa lile sikio, akasimama. Bonge alifumba macho kwa maumivu, wala hakunguruma. Kisha akainuka polepole, kama aliyebeba maji yaliyojaa pomoni, akapiga hatua moja. Akasubiri. Mtoto naye akapiga yake, ya kwanza maishani.

Mshonaji akafungua mdomo apige kelele.

"Shii! Usiwashtue, mwanangu," mama mkwe alinong'ona kutoka kwenye kochi. Kumbe hakuwa amelala. Alikuwa akitazama muda wote, machozi yakimlengalenga.

Mbwa akapiga hatua nyingine, akasubiri. Mtoto akacheka, akafuata.

Mama mkwe akateremka kochini, akapiga magoti kwa shida, akatandaza mikono yote miwili.

"Njooni," alisema.