Miwani ya Mnadani

Uvumi Febronia aliusikia mashineni, kwenye foleni ya kusaga uwele, na tangu hapo haukumtoka: miwani inayouzwa mnadani Ilongero inapindisha barabara.

"Mume wangu kaivaa," alisema jirani yake Rukaiya, "akamimina chai pembeni ya kikombe!"

"Mumeo hata bila miwani humwaga," Febronia akamjibu, na wanawake wakacheka. Lakini moyo wake ulikuwa umesharuka. Mwanawe Antipasi alikuwa akiendesha bodaboda kwenda Singida mjini na miwani hiyo hiyo usoni.

"Unaona vizuri, baba?" alimuuliza aliporudi.

"Naona, mama. Kichwa tu kinagonga kidogo."

Febronia akamfuata Nathan, kijana muuzaji. Nathan hakukasirika. Aliinama, akamwamkia shikamoo, kisha akampa miwani nyingine ya boksi lile lile, bure.

"Kapimishe popote. Wewe kwangu si mteja, mama."

Adabu gani hii, Febronia akawaza.

Pa kupimisha palikuwepo. Binti yake Hana alifanya kazi kwenye maabara moja Dodoma, wanakopima vioo kwa leza. Siku hizo alikuwa nyumbani, amekuja kumwambia mama kwamba baada ya mavuno washenga watabisha hodi. Wa nani? Alicheka tu. "Utamjua siku hiyo."

"Sasa hiyo leza inauonaje ubovu?" mama akauliza.

"Tunapiga mwanga mkali kwenye kioo, cheche inaruka. Rangi za cheche zinatuambia kioo kina nini ndani. Tunapiga hapa, tunapiga na pale. Zikifanana, kioo kimechanganywa vizuri. Zikitofautiana, kitakupindishia unachokiona."

"Kama ugali wenye madonge."

"Hapo hapo, mama."

Hana akaondoka na ile miwani. Wiki iliyofuata akapiga simu: "Iko sawa kote, mama. Antipasi avae tu."

Moyo wa Febronia ukatua. Na Antipasi alipotaka kuivua kwa sababu ya kichwa, mama ndiye aliyemkemea. "Vaa! Dada yako ameipima, wewe ni nani?"

Alizeti zilikuwa zinavunwa siku Antipasi alipokata kona ambayo barabara ilikuwa haijaifikia. Pikipiki ikaenda korongoni naye akiwa juu yake. Mguu wa kulia haukuokolewa.

Hospitalini, daktari wa macho alikichukua kioo kimoja kilichosalia, akakisogeza taratibu mbele ya dirisha. Nondo za dirisha zikajikunja kama minyoo.

"Kibovu hiki, mama. Nani alikipitisha?"

Febronia akatoka nje, akapiga simu.

"Hana, mashine yenu imekosea."

Hana akaangua kilio.

"Haikukosea, mama."

Siku hizi akina mama wa kikundi chake wakimwomba neno, hasimulii yote. Anawatajia tu ya kuepuka, mojamoja, macho yakiwa chini:

Usinunue miwani mnadani bila kupimwa macho.

Usimlazimishe mtoto kuvaa kinachomuumiza kichwa.

Usitulie kwa sababu muuzaji ana adabu.

Na usimpe binti yako apime kioo cha mwanamume anayekuja kumposa.