Draiva ya Moyo wa Sefu

Sheria ilikataza kifaa chochote kilichomo mwilini mwa mtu kutumia msimbo wa programu ambao haujakubaliwa na wakaguzi wote wa mfumo huria wa kompyuta unaoendesha vifaa hivyo. Rukia alikuwa mmoja wa wakaguzi hao. Draiva, programu ya kuunganisha kifaa na mfumo, aliyoiandika ili kifaa cha moyo wa mumewe, Sefu, kiwasiliane tena na hospitali ilikuwa imekataliwa mara kumi na moja.

“Leo wamesemaje?” Sefu aliuliza.

“Kwamba kupanga foleni ya data inayosubiri kutumwa si kazi ya draiva. Ihamishiwe kwenye kiini cha mfumo, vifaa vyote viitumie. Ni kazi ya mwaka mzima.”

“Ingekuwa ya mtu mwingine, wewe ungeikubali?”

Rukia aliendelea kumkanda miguu, iliyozidi kuvimba tangu asubuhi, akijua kwamba angeikataa.