Kombe Lisiloonyeshwa

Haya, nyie mnaosikiliza, tegueni hiki: mdomo wazi mchana kutwa, tumbo hana, ukimlisha anadondosha palepale, na watu wanapiga makofi. Mmeshindwa? Ni goli la mpira wa kikapu. Asubuhi ile Twiga alikuwa safarini kwenda kulilisha, ila njia ilikuwa imezibwa na friji.

Friji nzima, ya milango miwili. Fundi aliisukuma mwenyewe mpaka ikaziba mlango wa mbele, kisha akashika bisibisi na kujifanya anaitengeneza.

"Leo kazi ni nyingi," alisema bila kumtazama. "Hakuna kutoka."

Nyumba yao ndivyo ilivyokuwa: vyumba nyuma, karakana mbele, na mlango wa kutokea barabarani ni huohuo mmoja. Twiga alisimama katikati ya friji zilizopasuliwa matumbo, begi begani, raba mkononi. Raba hizo Fundi alikuwa amezificha juu ya kabati. Kumfichia kitu juu mtu aliyebandikwa jina la Twiga tangu shuleni, huko nako ni kujichosha tu.

"Nakwenda," alisema Twiga.

"Huendi. Nakulisha, nakuvisha, goti likivimba ni mimi nakukimbiza kwa daktari. Nimekunyima nini? Wenzako wa rika lako wametulia majumbani kwao, wewe unataka kupanda ndege ukarukeruke na mpira."

"Ni Kombe la Dunia, Fundi." Naye alimwita Fundi, kama mtaa mzima.

Kinyozi wa jirani, aliyekuja kufuata feni yake akajikuta amefungiwa humohumo, alicheka kutoka kwenye kreti alilokalia.

"Kombe la Dunia la rika," alisahihisha. "Hayo ya rika hayahesabiki. Ungeitwa Olimpiki, ningekubebea begi mimi mwenyewe."

"Olimpiki?" Fundi aligeuka, maana ubishi wa kikapu ulikuwa haumpiti. "Olimpiki ni maandamano ya bendera. Kombe kubwa ni la Dunia, lile lenyewe."

"Nani kakudanganya? Wale walioanzisha huo mchezo, Kombe la Dunia wanapeleka vijana wa kujaribia. Mafahali wanawaweka kwa ajili ya Olimpiki."

"Hao ni hao. Nenda nchi nyingine uone. Timu ikirudi na Kombe la Dunia, watu hawaendi kazini. Na wako wengine ubingwa wa bara lao tu wanaulilia machozi kuliko hayo yote mawili."

"Wanalia kwa kuwa hawajawahi kuonja Olimpiki."

"Na wewe umeionja wapi? Kwenye kiti cha kunyolea?"

"Mnaona sasa," Twiga alidakia. "Kila nchi inalipigia magoti kombe lake na kulicheka la mwenzake. Nyie wawili mko chumba kimoja na hamjapatana. Mimi nimsubiri nani aniambie langu ni kubwa?"

"Lako halionyeshwi hata kwenye televisheni," alisema Fundi.

"Na goli liko juu vilevile. Televisheni iwepo, isiwepo, halishuki hata kidole."

Kinyozi alishtuka kwenye kreti lake kama mteja aliyeguswa na wembe.

Nje honi ililia. Ni basi dogo la timu. Simu ya Twiga ikaita, na sauti ya nahodha ikajaa karakana nzima, maana nahodha hakujaliwa kunong'ona.

"Twiga, uko wapi? Wa akiba kalazwa jana, mgongo umemkamata. Tuko wanne, na kikapu ni watano. Usipokuja wewe, wanatufuta kabla hata hatujapanda ndege."

"Nakuja."

"Nimeuliza uko wapi."

"Nyuma ya friji."

Nahodha alikata simu. Fundi aliweka bisibisi chini.

"Ukianguka huko je? Nije kukupokea umefungwa plasta mpaka kiunoni?"

"Nikianguka nitainuka. Nikishindwa, waamuzi wana mikono."

"Hilo goti halina utani. Nimesema huendi, na nikisema nimesema. Au niambie wewe, humu ndani nani mwenye kauli?"

Twiga aliketi, akavaa raba moja, akavaa ya pili, akakaza kamba mpaka vidole vikamuuma. Kisha akainuka na kuweka bega lake kwenye friji.

Bahati nzuri mashine ya friji ile ilikuwa imeshatolewa. Hata hivyo, friji ilikuwa mbishi kama mwenyewe aliyeiweka pale. Alisukuma, ikalia sakafuni na kukaa. Kinyozi alijiinua nusu ili asaidie, Fundi akamkata jicho, akarudi kwenye kreti lake. Twiga alivuta pumzi, akasukuma tena. Mwanga wa nje ukaingia kama utepe, ukapanuka, mpaka ukatosha mtu mwembamba mwenye begi.

Mguu mmoja ulikuwa tayari nje Fundi alipoita, safari hii kwa sauti ya chini.

"Nimekuuliza swali, na hujanijibu."

Twiga alirudi hatua moja. Alinyoosha mkono, akamfuta vumbi kwenye ndevu zake zilizoanza kujaa mvi.

"Mwenye kauli humu ndani ni yule aliyekufundisha kusema, mwanangu," alisema. "Na ulinitoa jasho, maana ulifika miaka mitatu mizima neno lako likiwa hilohilo moja tu: mama."