Baraza Lamtaka Mjomba

Fundi cherehani alipiga meza kwa kiganja, chupa za maji zikaruka. "Leo hatujadili kitu kingine. Mjomba yuko wapi?"

Mkurugenzi wa kampuni alitabasamu kama alivyofundishwa kwenye semina ya kuomba radhi. "Mama, tunayasikia maumivu yenu."

"Sijasema naumwa. Nimeuliza Mjomba yuko wapi."

Fundi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa baraza la wachezaji. Kampuni ililiunda baraza hilo baada ya watu kugundua kwamba mchezo waliokuwa wakiucheza mtandaoni ulikuwa ukiwachezea wao, wakaanza kuhama makundi kwa makundi. Ili kurudisha imani, mkurugenzi aliapa kutekeleza kila agizo la baraza. Wajumbe wakaagiza mashindano yasipangwe matokeo, wachezaji bandia wafutwe, na malalamiko yajibiwe na mtu mwenye jina. Yote yakatekelezwa, picha zikapigwa.

Halafu Mjomba akatoweka.

Hakuna aliyewahi kuuona uso wake, lakini mchezoni alimwita kila mtu "mpwa wangu", na wapwa walikuwa maelfu. Hakuna aliyeichamba kampuni kama yeye. Wiki ile ile aliandika kwamba mkurugenzi hafai kukabidhiwa hata ufunguo wa choo. Kesho yake ukimtafuta, unaambiwa akaunti haipo.

"Mmemfungia kwa sababu ya mdomo wake," fundi alisema.

"Hapana, mama. Kwa kweli mdomo wake tuliupenda sana."

"Usinichekeshe!"

Dereva wa lori, mjumbe ambaye tangu baraza lianze hakuwahi kufungua kinywa ila kwa kupiga miayo, alivua kofia. "Mimi nilishafungasha nguo nimwache mke wangu. Mjomba akaniambia, mpwa wangu, kwanza rudi ukamwombe radhi. Nikarudi. Leo tuna mtoto. Sasa nyie mnamfuta mtu kama huyo?"

Fundi alitaka kuendelea kwa ukali, lakini kumbukumbu zikamtangulia. Mumewe alipofariki, waombolezaji walikaa siku chache wakaondoka. Mjomba alibaki. Aliandika tu, "Pole, mpwa wangu. Twende tukakate kuni." Wakakata kuni za kwenye skrini mwezi mzima, bila kuulizana kitu, mpaka akaweza tena kukaa kwenye cherehani.

"Basi sikilizeni," alisema, akisimama. "Mrudisheni sasa hivi, au tunajiuzulu wote. Kabla hatujafika chini kwa lifti, dunia nzima itakuwa inajua."

Wajumbe wote wakasimama. Mkurugenzi alijifuta jasho, akamgeukia dada wa kompyuta aliyekaa pembeni.

"Waambie."

"Bosi, si ulisema wasijue?"

"Tumeahidi ukweli. Waambie."

Dada alifunga kompyuta yake taratibu. "Mliagiza wachezaji bandia wafutwe. Tukawafuta wote, na Mjomba akiwemo. Si mtu, ni programu. Tulimtengeneza hapa hapa, kwa sababu watu hawahami haraka wakipata wa kulalamika naye."

Dereva aliivaa kofia, akaivua tena. Fundi alikaa chini polepole.

"Hata ile pole?" aliuliza.

"Hata ile pole, mama."

Mwenyekiti aliwatazama wenzake. Dereva ndiye aliyetangulia kunyoosha mkono. Wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine, macho yao yakiwa mezani, mpaka hapakubaki mkono uliokuwa chini.

"Mrudisheni," fundi alisema. "Ila yeye mwenyewe msimwambie."