Bosi Akisema Futa

Jina la Idman halikuwepo. Jana alasiri lilikuwa ukurasa wa kwanza, chini ya kichwa cha mwongozo, kwa herufi nene. Leo saa mbili u nusu asubuhi, pale pamekaa jina la Abdihafid, bosi wake, limetulia kama mwenye nyumba.

Lo! Mtu ambaye kuwasha printa tu huita jirani, ghafla amekuwa mwandishi. Tena si wa barua ya likizo, bali wa kurasa kumi na mbili kuhusu kiini cha mfumo endeshi, yaani ule moyo wa kompyuta unaoamua kila programu ifanye nini. Kampuni yao ndogo ya mtaa wa Galbet ilikuwa imekipa kiini hicho uwezo mpya: kutunza kumbukumbu za kila faili, nani kaligusa, saa ngapi, kabadili nini. Mwongozo ndio ungeeleza hayo yote.

Kandarasi ya Idman ilikuwa inaisha Ijumaa. Wakubwa wa Nairobi, waliotarajiwa saa tatu, walikuwa wameahidi nafasi moja ya kudumu makao makuu, na ni ya mwandishi wa mwongozo, si ya mwingine. Basi msishangae roho ikimuungua.

Simu yake ikalia. Filsan, mwenzao aliyekuwa Masalani kwa likizo ya uzazi, alikuwa ameandika: "Abaayo, dada yangu, ukurasa wa tisa umeusoma vizuri?"

Swali gani hilo la kumuuliza mwandishi! Idman hakujibu. Mtu aliyedhulumiwa hivi anapata wapi nafasi ya kujibu ujumbe?

Wakubwa wakaingia, mbele yao Bi Ramlo, mama wa miwani asiyecheka ovyo. Abdihafid akawapokea kwa meno yote.

"Karibuni, karibuni. Hii mwongozo nimeandika mimi mwenyewe, bole bole, mbaka imetoka fisuri."

Idman, aliyekaa kwenye kibodi, akauma mdomo.

"Tuonyesheni basi," akasema Bi Ramlo. "Chukueni faili lolote, tuone kumbukumbu zake."

Hapo ndipo ilipomwingia Abdihafid kwamba kiini hakijui bosi wala karani. Akamwinamia Idman, jasho likimtoka, akanong'ona: "Abaayo, zile za mwongozo, futa! Futa haraka!"

Sasa, ofisi nzima ilijua jambo moja. Ulimi wa Abdihafid haukuwahi kukutana na V. Kwake viatu ni fiatu, na kila siku akisema futa kumbukumbu, maana yake vuta, zilete tuzione. Kuna fundi mgeni aliwahi kufuta kweli, na kazi ya wiki nzima ikaenda na maji. Tangu siku hiyo ikawa sheria: bosi akisema futa, unavuta.

Ni kweli kwamba leo alikuwa anapangusa hewa kwa kiganja kama mwalimu mbele ya ubao, na hata mtoto angemwelewa. Lakini Idman ni mfanyakazi mtiifu. Sheria ni sheria. Akavuta.

Kwenye skrini ya ukutani yakatokea maandishi makubwa: "Leo, saa mbili kamili asubuhi. Mtumiaji: Abdihafid. Amefuta 'Idman'. Ameandika 'Abdihafid'."

"Wallahi nimesema futa!"

"Nami nimevuta, bosi."

Abdihafid akatafuta mahali pa kuweka macho, asipate. Idman akainamisha kichwa kama mja aliyeonewa siku zote na asiseme neno. Raha iliyoje! Tayari alikuwa anajiona Nairobi, kwenye kiti kinachozunguka.

"Pole sana, mwanangu," akasema Bi Ramlo. "Na hizi kumbukumbu zinaanzia lini?"

"Ni za leo tu, mama," Idman akajibu bila kusita. "Kila usiku zinajifuta."

Bi Ramlo akafungua ukurasa wa tisa wa mwongozo, ulioeleza kumbukumbu hukaa muda gani, akausoma, akamtazama kidogo juu ya miwani. Kisha akaishika kibodi mwenyewe, akashuka mstari mmoja chini.

"Jumatatu iliyopita, saa saba u nusu mchana. Mtumiaji: Idman. Amefuta 'Filsan'. Ameandika 'Idman'."