Jiwe Dogo Kwenye Siki

Povu lilikuwa limeshatulia. Mama Mawe akakoroga bakuli, akachungulia. Siki tupu, na ujiuji mweupe chini. Jiwe dogo limekwisha, kama sukari kwenye chai.

"Nenda na maji," akaliambia. Akalimwaga kwenye sinki, akafungua bomba mpaka mwisho.

Jiwe kubwa lilikuwa salama kabatini sebuleni, limefutwa likang'aa. Yote mawili yalikuwa visukuku vya nungunungu wa baharini, wale viumbe wa duara wenye miiba, waliokufa zamani hizo mpaka wakageuka mawe. Marehemu mumewe ndiye aliyeyachimba na kuyapa majina ya kitaalamu. Kubwa alilipa jina la mkewe. Mtaa mzima ulijua, ndiyo maana wakamwita Mama Mawe, na yeye alijidai kwa jiwe lile kuliko kwa pete ya ndoa.

Dogo lilikuwa na jina la mwanamke mwingine.

Wifi yake ndiye aliyelipua hilo bomu, enzi mzee yu hai, tena mezani, mdomo umejaa chakula. "Kwani hujui? Hako kadogo kana jina la mpenzi wa kaka!"

Mume akakohoa weee, nusura apaliwe. "Mambo ya ujana hayo, mke wangu. Kabla yako."

Basi, kabla ni kabla, nani hana ya kwake? Akameza. Alimsamehe mengi yule mzee. Hata mwaka ule alipojifungua kitindamimba peke yake, mume kazama kwenye machimbo ya chokaa msimu mzima, hata salamu hakuna, karudi na begi la mawe na uso wa huruma, alimsamehe. Na dogo akaendelea kulifuta vumbi kama kubwa.

Mpaka wiki iliyopita, alipopiga simu binti wa makumbusho, mwanafunzi wa zamani wa marehemu.

"Mama, nayahitaji yale mawe mawili. Nahisi ni mnyama wa aina moja tu, dogo ni mtoto wa kubwa. Nikiangalia matundu ya uzazi pale utosini nitajua. Kwa mtoto yanakuwa hayajafunguka."

"Na wakiwa aina moja, majina je?"

"Hayawezi kuwa mawili, mama. Lililotangulia linabaki, lililofuata linafutwa."

Lililotangulia! Usingizi ukahama. Kabla yako, alisema mwenyewe. Yaani miaka yote ya kumfulia, kumpikia, kumzika, halafu hata kwenye mawe awe mke mdogo? Tena wa kufutwa? Thubutu! Akakumbuka marehemu alivyokuwa akifoka mtu akisogeza siki karibu na kabati: "Toa hapo! Mawe hayo ni chokaa, yatayeyuka!"

Mlango ukagongwa.

Binti aliingia na kisanduku chenye pamba, akakaa ukingoni mwa kochi. Mama Mawe akamletea chai, kisha jiwe kubwa, amelibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

"Zuri jamani! Na dogo?"

"Dogo lilipotea siku nyingi, mwanangu. Watoto wa mtaani hawa, we waache tu."

Kikombe kikabaki hewani. "Lilipotea? Kabisa kabisa? Umetafuta uvunguni?"

"Mpaka chini ya friji."

"Mama, umeniua." Binti akafunika kisanduku chake taratibu. "Mimi nilikuja kulifuta lile jina."

"Jina lipi?"

"La jiwe dogo. Sasa bila jiwe lenyewe sina ushahidi. Litabaki vitabuni pembeni ya lako, milele, na hakuna wa kulifuta."

Mama Mawe akatafuta kiti kwa mkono, akakaa. Harufu ya siki ilikuwa bado kwenye vidole.

"Si ndilo lililotangulia?"

"Wapi! Lililotangulia ni lako, mama. Alilitoa mwaka wa harusi yenu." Binti akatabasamu ili kumpoza. "Hilo dogo limekuja baadaye sana. Alilitoa mwaka ule aliokaa machimboni msimu mzima."